Kitufe cha 'O/D' na hatari ya waya kuunganishwa kiholela

MADEREVA wa pikapu za otomatiki wanaobeba mizigo milimani wanakifahamu kitufe kidogo kilichopo ubavuni mwa mpini wa gia, chenye maandishi O/D. Wasichokifahamu wengi wao ni kwamba kitufe hicho kikiharibika na waya zake zikaungwa na fundi asiyejua kazi yake, gari linaweza kuteremka mlima bila msaada wa injini, au kuungua waya njiani.

O/D ni kifupi cha ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa inayoiwezesha injini kuzunguka polepole kuliko shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Katika giaboksi ya Toyota aina ya A340, uwiano wa gia ya tatu ni 1.000 na wa ya nne ni 0.705. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika katika gia ya nne italazimika kuzunguka takriban mara 2,840 katika gia ya tatu, gari likiwa katika mwendo uleule.

Tofauti hiyo huokoa mafuta katika barabara tambarare. Lakini kwa anayeteremka Kitonga akitoka Iringa kuelekea Morogoro na shehena nyuma, gia ya nne ni adui, kwani injini hailizuii gari na mzigo wote huziangukia breki hadi zikapata moto. Ndiyo maana dereva hubonyeza kitufe, taa ya "O/D OFF" ikawaka, na giaboksi ikabaki katika gia tatu za chini.

Tatizo huanzia kwenye waya za kitufe hicho. Hupinda kila mpini unaposogezwa, na baada ya miaka mingi hukatika. Mafundi wengi huamua kuweka swichi mpya kwenye dashibodi, na hapo ndipo makosa hutokea.

Fundi aliyezoea taa na honi hudhani kuwa kila swichi hupeleka umeme wa chanya. Katika Toyota nyingi zenye giaboksi inayoongozwa na kompyuta sivyo ilivyo: kitufe kikiwa OFF huiunganisha waya ya kompyuta na bodi ya gari, yaani hasi. Akiipelekea waya hiyo chanya kutoka kwenye betri, siku kitufe cha zamani kitakapogusana chanya itakutana na hasi moja kwa moja. Fyuzi ikiwapo itakatika. Isipokuwapo, itaungua waya.

Njia iliyo salama ni kutumia rilei, ambayo ni swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme. Kwa kawaida huwa na miguu yenye namba. Namba 85 na 86 ni za koili, 30 na 87 ni za njia inayofungwa koili inapopata umeme. Chanya inayopatikana funguo ikiwa imewashwa hupitia fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5, kisha swichi ya dashibodi, hadi namba 86. Namba 85 huenda kwenye bodi, na 30 pia. Namba 87 ndiyo huunganishwa na waya ya O/D.

Kwa mpangilio huo, umeme wa swichi mpya haukutani kamwe na kompyuta. Ieleweke kuwa hapa rilei haiwekwi kwa sababu ya wingi wa umeme, maana koili yenye omu 80 hutumia ampea 0.15 tu kwa volti 12. Kazi yake ni kutenganisha njia mbili.

Dayodi nayo hufaa kuwekwa kati ya 85 na 86, mstari wake ukielekea 86, kwa kuwa koili inapozimwa hurusha umeme wa ghafla unaoweza kupita volti 100. Ikigeuzwa, itakata fyuzi mara tu swichi itakapowashwa. Kwa magari ya volti 24, rilei iwe ya volti 24. Ile ya 12 koili yake itaungua.

Mpangilio huu hauhamishiki kwa kila gari. Katika pikapu za Ford za Marekani zilizotumia giaboksi ya E4OD, iliyoanza mwaka 1989, kitufe hutoa mguso wa mara moja tu na kompyuta husahau uamuzi wa dereva kila funguo inapozimwa. Wanaovuta matela huko huhitaji rilei yenye kipima muda, inayotoa mguso mmoja gari linapowashwa. Rilei ya kawaida inayoshikilia mfululizo haifai.

Dereva wa Toyota akute taa ya "O/D OFF" ikimweka yenyewe, asiguse waya. Hiyo ni ishara kwamba kompyuta imegundua hitilafu, na ni lazima isomwe kwanza.

Kazi ikishakamilika, jaribio hufanyika barabara tambarare kwa kilomita 80 kwa saa. Swichi ikibonyezwa, taa iwake na mzunguko wa injini upande. Taa ikiwaka bila mzunguko kupanda, kasoro itafutwe kwenye solenoidi au ndani ya giaboksi, na gari lisipakiwe mzigo wa milimani hadi litengenezwe.