Ungio la Mafuta Njiani Ngorongoro

Gari la watalii kutoka Karatu hushuka kreta ya Ngorongoro, kisha hupanda mita zipatazo 600 kwa njia ya Lerai. Kwa kuhofia mtikisiko, baadhi ya mafundi hufunga mpira wa mafuta uliosukwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Mpira ni imara; tatizo ni ungio. Paipu ya kiwandani ikikatwa kwa msumeno hukosa lile tuta la kuzuia mpira usichomoke, na klipu ya kawaida hubana nyaya tu. Petroli ikivuja utasikia harufu, na ekzosi haiko mbali. Dizeli ya zamani ni msiri zaidi: pampu huvuta kutoka tangini, hewa ikaingia bila tone kudondoka, injini ikazima hapo Lerai, mahali ambapo abiria hawashuki kusukuma. Fundi atanue mdomo wa paipu, afunge nati ya pembe ileile. Ya digrii 37 haikai kwenye ya 45.