Sigara ya Umeme Ikiingia Nyumbani Mwako

Siku hizi akina mama wengi hukutana na kitu kigeni wanapokagua mifuko ya nguo kabla ya kuziloweka. Ni kichuma cha mviringo, kinene kama kidole gumba cha mwanamume, kizito mkononi. Juu kina mdomo mdogo wa kuvutia, na chini kina kitufe. Ukikinusa kinatoa harufu ya embe, vanila au mnanaa. Mwenye nacho, awe ni baba wa nyumba, kaka au kijana wetu wa chuo, akiulizwa hujibu kwa kifupi, "Hii ni vepu tu, haina moshi."

Wako wanaokitupa jalalani kwa hasira. Wako pia wanaonyamaza wakisema moyoni, afadhali hiyo kuliko sigara. Katika toleo hili tunapenda kueleza kifaa hicho ni nini, kinaandaliwa na kutunzwa namna gani, na hatari yake iko wapi. Hatufanyi hivyo ili kukipigia debe. Tunafanya hivyo kwa sababu kikishaingia nyumbani kinalala chini ya paa moja na watoto wetu, na mama asiyejua kilivyo hawezi kuwalinda, wala neno lake halitasikika kwa mwenye nacho.

KILITOKA WAPI?

Sigara ya umeme inayofanana na hizi za leo ilibuniwa nchini China mwaka 2003 na mfamasia aitwaye Hon Lik. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake, aliyekuwa mvutaji pia, alikufa kwa saratani ya mapafu. Miaka 40 kabla yake, mwaka 1963, Mmarekani Herbert Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akaipata mwaka 1965, lakini kifaa chake hakikufika madukani.

Ndani ya vepu hakuna kitu kinachoungua kama tumbaku. Kuna betri, kuna koili ya waya mwembamba, kuna pamba iliyopitishwa katikati ya koili, na kuna kimiminika. Kimiminika hicho kwa kawaida kina propilini glaikoli, gliserini, manukato ya ladha, na mara nyingi nikotini, yaani ile sumu inayomfanya mvutaji ashindwe kuacha. Mtu akibonyeza kitufe, umeme hupita kwenye waya, waya hupata moto, na kimiminika kilicho kwenye pamba hugeuka mvuke.

AINA MBILI

Inafaa ieleweke kwamba vepu ziko za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ina saketi ndogo ndani yake. Saketi hiyo ni kama mlinzi. Waya ukiwa na kasoro, betri ikikaribia kwisha, au kitufe kikibonyezwa kwa muda mrefu mno, yenyewe hukata umeme.

Aina ya pili ni vepu ya kimekanika, na ndiyo tunayotaka kuizungumzia zaidi. Hii haina saketi yoyote. Ni mfano wa kurunzi ya zamani: bomba la chuma, betri na swichi. Umeme hutoka kwenye betri ukaenda moja kwa moja kwenye waya. Baadhi ya vijana huipenda kwa sababu hutoa wingu kubwa la mvuke, ni imara, na mtu hujisikia fundi anapoifungua na kuisuka mwenyewe.

Lakini hapo ndipo penye neno. Kifaa hicho hakina akili yake, na akili yote iko kwa mwenye nacho. Siku akisahau, akichoka au akifanya haraka, hakuna kitu cha kumzuia.

NAMNA KINAVYOANDALIWA

Hesabu yake ni ile tuliyofundishwa darasani: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Betri inayotumika sana huitwa 18650, maana kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Ikijaa kabisa ina volti 4.2. Waya wenye omu 0.6 utavuta ampea 7 kutoka kwenye betri hiyo, na betri nzuri huweza kuhimili. Lakini kijana akisuka waya wa omu 0.1 ili apate wingu kubwa, atakuwa anavuta ampea 42. Betri nyingi za aina hii zimetengenezwa kuhimili kati ya ampea 10 na 30 tu. Ikizidiwa hupata joto, joto huzaa joto, na mwisho betri hutoa gesi na moto ndani ya bomba la chuma.

Kwa hiyo mtu mwenye hadhari hufuata utaratibu huu kabla ya kutumia kifaa kipya:

Kwanza, hupima omu za waya kabla ya kuweka betri. Mita ya kawaida ya fundi redio haisomi vizuri namba ndogo hivyo, hivyo hutumia kipimo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Pili, hukagua ganda la plastiki la betri. Likiwa na mchubuko hata mdogo betri haitumiki, kwa sababu bomba zima ni chuma na mwili wa betri ukiligusa huleta shoti.

Tatu, huangalia kipande cha juu kinachobeba waya na pamba. Katikati ya sehemu yake ya chini pana pini. Pini hiyo lazima itokeze kuliko duara la chuma linaloizunguka. Ikiwa vimelingana, duara litakaa juu ya betri na shoti itatokea papo hapo.

Nne, huhakikisha bomba lina matundu ya kutolea gesi. Betri ikiharibika ndani ya bomba lisilo na tundu, kifaa hicho kinakuwa kama bomu.

Tano, huhakikisha kitufe kina kufuli na kinarudi vizuri kila kinapoachiwa.

NAMNA KINAVYOTUNZWA

Kifaa hiki huchafuka. Kimiminika huvuja, na sehemu zinazogusana na betri huweka utando mweusi. Umeme ukipita kwa shida, chuma chenyewe hupata moto na springi ya kitufe inaweza kulegea. Basi betri hutolewa kwanza, ndipo mikunjo ya skrubu na sehemu za kugusana hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na kila kitu huachwa kikauke kabisa. Pamba hubadilishwa mara kwa mara, kwa maana pamba kavu huungua, na moshi wake si mvuke tena.

Betri huchajiwa kwenye chaja yake, juu ya kitu kisichoshika moto kama sakafu ya simenti, mtu akiwa macho. Haichajiwi juu ya godoro, wala usiku watu wakiwa wamelala. Na kwa kuwa hakuna saketi ya kukata umeme, mwenyewe hupima betri na kuacha kuitumia kabla haijashuka sana, kwa kawaida ifikapo karibu volti 3.4.

Betri ya akiba hubebwa ndani ya kikasha cha plastiki. Haiwekwi kamwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Akina mama, hili tulishike. Funguo mbili na betri moja vyatosha kuunguza paja la mtu.

SI HADITHI ZA KUTISHA

Pengine msomaji atasema tunatia chumvi. Idara ya Zimamoto ya Marekani ilitoa taarifa mwaka 2017 iliyohesabu matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za umeme yaliyoripotiwa nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016. Karibu theluthi moja yalitokea kifaa au betri ikiwa mfukoni. Wakati huo hakuna aliyekuwa amekufa. Lakini mwezi Mei 2018, huko St. Petersburg, Florida, mwanamume wa miaka 38 aliuawa na kifaa cha kimekanika kilicholipuka. Mwezi Januari 2019, mjini Fort Worth, Texas, kijana wa miaka 24 alikufa baada ya vepu yake kulipuka na kipande cha chuma kukata mshipa wa shingoni.

Huyo wa pili alikuwa mtoto wa mtu, na umri wake ni ule wa vijana wetu wanaomaliza chuo.

HATARI KWA WADOGO NA KWA MAMA MJAMZITO

Betri siyo hatari pekee. Chupa ya kimiminika ina rangi nzuri na harufu ya peremende, na mtoto anayetambaa hajui tofauti. Mwezi Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alikufa katika jimbo la New York baada ya kumeza kimiminika cha nikotini. Baada ya hapo Marekani ilitunga sheria, iliyotiwa saini Januari 2016, ya kulazimisha chupa hizo ziwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua kwa urahisi.

Mtoto akimeza, dalili zake huweza kuwa kutapika, kutokwa na jasho na mate mengi, kupauka, kulegea, hata kupata degedege. Usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali mara moja ukiwa na chupa yenyewe mkononi ili daktari aisome. Kikimwagika kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa sabuni na maji mengi, kwani nikotini hupenya ngozi. Mtu akiungua kwa betri, mwondoe kwenye moto, kisha mwagie sehemu iliyoungua maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na umpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno wala siagi.

Mama mjamzito naye asidanganyike na harufu ya matunda. Nikotini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na huweza kudhuru ubongo na mapafu yake yanayokua. Vijana nao, ambao ubongo wao huendelea kukua hadi karibu miaka 25, hushikwa na uraibu upesi kuliko mtu mzima.

TUSEME NINI NA MWENYE NACHO?

Hapa tuwe wakweli. Kwa mtu aliyevuta sigara miaka mingi, wataalamu wanakubali kwamba mvuke una sumu chache kuliko moshi wa tumbaku, na utafiti umeonyesha kuwa vepu zenye nikotini zimewasaidia baadhi ya watu kuacha sigara. Nchini Uingereza idara ya afya huwashauri wavutaji watu wazima hivyo. Kwa upande mwingine, jirani zetu wa Uganda walipiga marufuku biashara ya sigara za umeme katika Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015. Jambo moja halina ubishi: asiyevuta hana sababu ya kuanza.

Hivyo basi maneno kwa mume siyo sawa na maneno kwa kijana. Mume aliyeacha pakiti ya sigara kwa siku asipokelewe kwa matusi, maana anaweza kuirudia. Aambiwe kwa upole, "Baba watoto, tunamshukuru Mungu kwamba umeacha sigara. Lakini hiki kichuma hakina kinga. Tafuta chenye saketi, na chupa yake ikae juu penye kufuli, mpaka Mungu akusaidie uache vyote." Akiwa tayari kuacha kabisa, hospitali kubwa nyingine hutoa ushauri nasaha, na kuna dawa kama bazoka za nikotini na plasta zake.

Kijana ambaye hajawahi kuvuta aambiwe waziwazi kwamba hatukubali, na aelezwe sababu. Muulize ampea na omu. Akishindwa kujibu, mwonyeshe hesabu tuliyoieleza hapo juu. Kijana anayedhani mama hajui kitu huwa msikivu akigundua kwamba mama anajua kuliko yeye. Kisha mtoe betri pamoja, muifunike ncha zake kwa utepe wa umeme, muipeleke dukani wanakopokea betri zilizochakaa. Usiitupe jalalani wala kwenye moto.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakristo wa Korintho waupe mwili heshima ya hekalu la Mungu. Fundisho hilo twalihubiri sana kanisani. Tulihubiri pia jikoni na sebuleni, kwa upendo na kwa maarifa, kabla ya usiku wa leo, maana huenda betri hiyo tayari iko kwenye chaja, karibu na chandarua cha mtoto. Nenda kaitazame.