Sindano ya Mama, Pumzi ya Mtoto

Miaka ya 1970, watafiti wa mradi wa afya wa Kasongo, kusini mwa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliwafuatilia wajawazito wakitafuta njia ya kuwatambua mapema wale ambao uzazi wao ungekwama. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984: kati ya kila wanawake 100 waliokwama, 71 hawakuwa wametambuliwa kliniki, na wengi mno waliohofiwa walijifungua salama. Uzazi hautabiriki, na hapo ndipo ugumu wa kumtuliza mama kwa dawa unapoanzia.

Chukua pethidini, dawa ya jamii ya mofini iliyotumika kwa miaka mingi katika vyumba vya uzazi duniani. Ikidungwa msulini huingia kwenye damu ya mama, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mwili wa mama huiondoa kwa saa kadhaa, lakini ini la kichanga bado halijakomaa, kwa hiyo mabaki ya dawa huweza kukaa mwilini mwake kwa siku kadhaa. Mtoto anayezaliwa saa 2 hadi 3 baada ya sindano ndiye aliye hatarini zaidi. Huweza kuzaliwa amelegea, akachelewa kuvuta pumzi, kisha akanyonya kwa uvivu. Mkunga wa Kabambare, jirani na Kasongo, anaweza kukadiria saa ya kujifungua, lakini hawezi kuiahidi.

Ganzi ya mgongoni, epidurali, humfikishia mtoto dawa kidogo sana. Hatari yake kubwa ni shinikizo la damu la mama kushuka, damu inayokwenda kwenye kondo ikapungua. Nayo huhitaji mtaalamu wa ganzi na uangalizi wa karibu, mambo ambayo ni adimu vijijini. Diazepamu isitumiwe kama mbadala: haiondoi uchungu, na humwacha mtoto mlegevu na mwenye baridi.

Ili kupima hali ya mtoto anapozaliwa, daktari wa nusukaputi Virginia Apgar wa New York alibuni mwaka 1952 kipimo cha alama 10 kinachoangalia mapigo ya moyo, pumzi, misuli, mwitikio na rangi ya mtoto. Hupimwa dakika ya 1 na ya 5, lakini mtoto asiyepumua hasubiri alama. Anakaushwa, anasuguliwa mgongo, kichwa kinawekwa sawa bila kukunja shingo, kisha mfuko wa kupumulia wenye barakoa unaanza kazi kabla dakika ya kwanza haijaisha, kwa mipigo kama 40 kwa dakika, huku kifua kikionekana kuinuka. Mahali pasipo na mfuko huo na mikono iliyozoea kuutumia, sindano ya aina ya pethidini isitolewe.

Hata hivyo mama asiambiwe avumilie tu. Uchungu mkali na hofu huongeza homoni zinazoweza kupunguza damu inayofika kwenye mji wa mimba. Mwaka 2017, uchambuzi wa tafiti 26 kutoka nchi 17, wenye wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kwamba waliokuwa na msindikizaji muda wote walihitaji dawa za maumivu kidogo, na watoto wachache zaidi walipata alama duni dakika ya 5. Shirika la Afya Duniani linapendekeza msindikizaji wa aina hiyo tangu zamani.

Basi mama wa mjamzito, dada au shangazi aliyemsindikiza asiachwe nje ya mlango. Kumsugua mzazi kiuno, kumsaidia kutembea na kumtia moyo ni tiba isiyovuka kondo, nayo Kasongo na Kabambare wanaweza kuitoa leo.