Dokta Salim Ahmed Salim na Kazi ya Kuzuia Vita



Ndugu wasomaji, makala haya tunayaandika kutoka Izki, mji ulioko kwenye njia ya kutoka Maskati kwenda Nizwa, ambako familia kadhaa za watu wetu zinaishi na ambako Kiswahili bado kinasikika majumbani, khasa kwa mabibi wanapowagombeza wajukuu. Katika baraza moja ya jioni, baada ya tende na kahawa, kijana mmoja anayesoma masomo ya uhusiano wa kimataifa alituuliza swali. Alitaka kujua kama katika watu wa asili yetu amepata kutokea mtaalamu wa siasa za nje na usalama aliyetajwa duniani, au wote waliotajwa walikuwa wafanyabiashara na washairi tu. Mzee mmoja akajibu bila ya kufikiri: "Yupo, mwanangu. Salim Ahmed Salim." Mzee mwengine aliyeketi upande wa pili akakiweka chini kikombe chake na akasema: "Huyo si wetu. Huyo aliwatumikia waliotutoa kwetu."

Basi baraza ikachafuka. Tukaona kwamba jambo hili linastahiki kuandikwa kwa utulivu, kwa faida ya vijana wanaolisikia jina hilo bila ya kujua lilibeba nini.

Salim Ahmed Salim alizaliwa Pemba tarehe 23 Januari, 1942. Baba yake alikuwa Mwarabu mwenye asili ya Oman, wa jina la Riyami, jina ambalo watu wa Jabal Akhdar na miji iliyo chini yake wanalijua vyema. Hatusemi kwamba ni mtu wa Izki, wala hatupendi tabia ya kumvuta kila mwenye sifa akawa jamaa. Tunasema tu kwamba alizaliwa katika watu wa namna yetu, wenye kaburi la babu upande mmoja wa bahari na kaburi la bibi upande wa pili.

Alisoma Unguja, na alipokuwa bado kijana akaingia katika harakati za wanafunzi, magazeti na vyama. Alianzia Hizbu, hata akakiwakilisha chama hicho Havana, na mwaka 1963 akawafuata wale waliotoka na Abdulrahman Babu kuunda chama cha Umma. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964 yalipotokea, alikuwa bado hajatimiza miaka 22. Mwaka huo huo alipelekwa Cairo kuwa balozi. Tafadhali ifikirieni hali hiyo: kijana wa umri ambao leo tungemtuma sokoni na kumkumbusha asisahau chenji, anakaa mbele ya watu wa Gamal Abdel Nasser kuisemea dola ambayo yenyewe ilikuwa na miezi michache tu.

Ni katika mwaka huo huo ambapo familia nyingi zinazousoma ukurasa huu ziliondoka. Wengine walitoka na majahazi, wengine walitoka baadaye kwa siri, na wengine hawakutoka kamwe kwa kuwa walikwisha kuuawa. Kwa hiyo tunamwelewa yule mzee aliyekiweka kikombe chini. Uchungu wake haukutoka vitabuni, na sisi hatuna haki ya kumwambia ausahau. Lakini tunamwomba atusikilize mpaka mwisho.

Baada ya Cairo, Salim alipelekwa India, na huko huko Delhi akaendelea na masomo ya chuo kikuu huku akiwa balozi. Kisha akapelekwa China, na kuanzia mwaka 1970 akawa mwakilishi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa, New York, kwa muda wa miaka kumi. Huko nako hakuacha kusoma. Mwaka 1975 alipata shahada ya pili ya mambo ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia. Wapo wanaodhani kwamba ujuzi wa siasa za nje ni kipaji cha ulimi. Mtu huyu alikuwa akitoka mkutanoni na kwenda darasani.

Mwaka 1971 una kumbukumbu mbili kwa watu wetu. Tarehe 7 Oktoba Oman iliingia katika Umoja wa Mataifa. Siku kumi na nane baadaye, tarehe 25 Oktoba, Baraza Kuu likapiga kura kwamba kiti cha China ni cha serikali ya Peking na si cha Taiwan. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo, na matokeo yalipotangazwa wajumbe wake walisimama wakashangilia na kucheza mle ukumbini. Balozi wa Marekani aliyekuwa akiongoza upande ulioshindwa alikuwa George Bush, yule aliyekuja kuwa Rais. Wamarekani hawakuisahau siku ile.

Kuanzia mwaka 1972 Salim aliiongoza Kamati Maalumu ya kuondoa ukoloni, wakati ambapo Angola, Msumbiji, Rhodesia na Namibia zilikuwa bado mikononi mwa wengine. Januari 1976, zamu ya Tanzania ya kuliongoza Baraza la Usalama ilipofika, ndiye aliyekaa kitini mjadala wa Palestina uliposikilizwa na wajumbe wa PLO wakakaribishwa kushiriki. Mwaka 1979 akachaguliwa Rais wa Baraza Kuu, na Januari 1980 akaongoza kikao cha dharura kuhusu Afghanistan, ambapo nchi 104 kwa 18 zilitaka majeshi ya kigeni yatoke. Mwenye kusema kwamba alikuwa kibaraka wa Warusi aitazame hesabu hiyo.

Walakini ndivyo alivyoitwa. Mwaka 1981 aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria. Kwa wasiojua, Katibu Mkuu hupendekezwa na Baraza la Usalama lenye wajumbe 15, na kila moja katika nchi tano kubwa ina kura ya turufu. Ikisema hapana, hata wengine kumi na nne wakisema ndiyo, jambo limekufa. China ilimzuia Waldheim, Marekani ikamzuia Salim. Duru kumi na sita zikapigwa bila ya mshindi. Mwezi Disemba zamu ya uongozi wa Baraza ikamfikia Mwafrika Mashariki mwengine, Olara Otunnu wa Uganda, kijana wa miaka 31. Yeye ndiye aliyewasihi wote wawili wakae kando, kisha akawapima wagombea wengine kwa kura za siri zisizo rasmi, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapita. Utaratibu ule wa kura za kupima unatumika mpaka leo. Kwa hiyo watoto wawili wa Afrika ya Mashariki wameacha alama katika kinyang'anyiro kile, mmoja kwa kushindwa na mmoja kwa kuufungua mlango uliokwama.

Nyumbani alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje tangu 1980, na Aprili 1984, Edward Sokoine alipofariki katika ajali ya gari, akawa Waziri Mkuu. Baadaye alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi. Hayo yanajulikana, nasi tunayapita.

Tulitakalo zaidi ni Addis Ababa, kwani huko ndiko ilikofanyika kazi yake kubwa, na huko ndiko alikoshindwa pia. Alichaguliwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1989 na akakaa mpaka 2001, mihula mitatu. Umoja huo ulipoanzishwa mwaka 1963 uliweka kanuni kwamba nchi moja isiingilie mambo ya ndani ya nchi nyengine. Kanuni hiyo ilikuwa na maana kwa nchi zilizotoka jana kwenye ukoloni, lakini ikageuka kuwa pazia. Idi Amin aliwaua watu wake kwa miaka minane, na mwaka mmoja katika miaka hiyo akapewa uenyekiti wa Umoja wenyewe.

Salim alishika hoja kwamba vita vya ndani si vya ndani. Wakimbizi huvuka mpaka, silaha huvuka mpaka, njaa huvuka mpaka, na jirani asiyeruhusiwa kusema neno ndiye atakayewapokea wenye mabegi. Aliwaeleza wakuu wa nchi kwamba Umoja unapaswa kuwa na chombo cha kuuona mgogoro kabla haujawa vita. Wengi hawakupenda. Juni 1993, mjini Cairo, wakakubali kuunda Chombo cha Kuzuia, Kusimamia na Kutatua Migogoro, na mfuko wake wa amani.

Sisi wa Izki tunaifahamu hoja hii bila ya kufundishwa. Mji wetu wa kale una mitaa miwili, Nizar na Yaman, na majina hayo ni ya mgawanyiko wa Waarabu wa tangu na tangu. Katika karne ya 18 mgawanyiko wa namna hiyo, wa Hinawi na Ghafiri, uliiingiza Oman nzima vitani, na mwisho wake ukawafungulia mlango Waajemi. Lakini katika mji huu huu upo pia Falaj al-Malki, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006 pamoja na mifereji mengine minne. Maji ya falaji hugawanywa kwa athar, kiasi cha nusu saa, yakipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, na yuko arifu wa kusimamia zamu. Wazee hawakungoja watu wapigane mitarimbo ndipo waweke arifu. Twaona kwamba Salim alikuwa akiwatafutia Waafrika arifu wao.

Ila arifu asiye na nguvu hufanyiwa kiburi. Umoja ulipeleka Rwanda mwaka 1992 waangalizi wapatao 50, na mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti, 1993. Miezi minane baadaye mauaji ya kimbari yakaanza. Tarehe 21 Aprili, 1994, damu ikimwagika, Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa mpaka kiasi cha 270. Salim alilalamika, lakini malalamiko si jeshi, na chombo cha Cairo kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Baadaye Umoja uliunda jopo chini ya Ketumile Masire wa Botswana kuchunguza, na ripoti yake ya mwaka 2000 ilisema wazi kwamba mauaji yale yangeweza kuzuilika. Haikuusamehe Umoja wenyewe uliolituma jopo. Si kila ofisi huagiza hesabu ya makosa yake, nasi tunaliweka jambo hilo upande wa mizani ya kheri.

Burundi walipelekwa waangalizi wachache baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Komoro, ambako wengi wetu tuna wajomba na shangazi, kisiwa cha Nzwani kilipojitenga mwaka 1997 Umoja ulituma watu na ukashikilia mazungumzo badala ya mizinga. Kazi ilikuwa ndefu na ya kuchosha, na haikupata picha nyingi magazetini, kwa kuwa vita ambavyo havikutokea havipigwi picha.

Mnamo Julai 2000, mjini Lomé, ilipitishwa hati ya kuunda Umoja wa Afrika, na kifungu chake cha nne kikaupa Umoja haki ya kuingilia kati yanapotokea mauaji ya kimbari na uhalifu wa kivita. Pazia la 1963 likapasuliwa, walau kwenye karatasi. Baada ya hapo Salim mwenyewe alikuwa mpatanishi wa Umoja wa Afrika katika mgogoro wa Darfur, ambapo mapatano yalitiwa saini Abuja tarehe 5 Mei, 2006 na upande mmoja tu wa wapiganaji pamoja na serikali. Darfur haikutulia, na hatutaki kumpa sifa ya amani ambayo haikupatikana.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Mwaka 2005 Salim aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais wa Tanzania. Alikuwa wa pili, nyuma ya Jakaya Kikwete. Katika kampeni ile ilitumiwa dhidi yake asili yake ya Kiarabu, na ikafukuliwa Hizbu ya ujanani mwake, kana kwamba miaka arubaini ya utumishi ilikuwa koti la kuazima. Tulipomsomea mzee khabari hiyo alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Kumbe huko waliona ni wetu." Bibi mmoja aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani akaongeza kwamba mtu akikataliwa na nyumba zote mbili, basi hapana budi zote mbili zina deni naye. Mzee hakumjibu, na wanaomjua wanajua kwamba hiyo si kawaida yake.

Mwaka 2023 zilifunguliwa kwa wote nyaraka zake katika maktaba ya kidijitali yenye jina lake: barua, hotuba na picha za miaka yote ile. Kijana wetu wa uhusiano wa kimataifa amekwisha kuanza kuzisoma kwa ajili ya utafiti wake. Na yule mzee, ambaye mwaka 1964 alikuwa mwanafunzi Cairo, amemwomba kwa sauti ya chini amtafutie kama kuna picha yoyote ya mwaka ule yenye wanafunzi wa Kizanzibari, kwani yuko rafiki yake mmoja ambaye hakumwona tena. Kijana bado anatafuta.