Bei ya Kiolezo cha Tovuti: Tupige Hesabu Kwanza

Katika kutembelea vikundi vya vijana tumekutana na kazi mpya. Wako vijana wanaotengeneza violezo vya tovuti na kuviuza kwenye intaneti. Kiolezo ni kama nguo iliyoshonwa tayari. Mnunuzi, awe mwenye hoteli au shule, anatia jina, picha na maneno yake, basi tovuti yake iko tayari. Lakini tofauti na nguo, kiolezo hushonwa mara moja na kuuzwa mara nyingi.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kijana mmoja alituambia, "Si kazi ilishaisha? Hata nikiuza shilingi 700 ni faida tu." Aliuza mara 40, lakini mkopo wa kompyuta aliochukua kwa kikundi ukabaki pale pale. Tulikaa naye chini na daftari.

Kwanza, gharama ya kutengeneza. Alifanya kazi saa 80. Tukihesabu saa moja kwa shilingi 300, hiyo ni 24,000. Umeme na intaneti ni 6,000. Jumla 30,000.

Pili, fungu la soko. Gumroad, kwa mfano, ambalo ni soko la Marekani, hukata asilimia 30 ikiwa mnunuzi ameletwa na soko lenyewe. Kwa makato ya namna hiyo, katika 700 zinabaki 490.

Tatu, msaada. Mnunuzi akikwama huandika kuuliza. Saa moja ya kumjibu ni 300 nyingine. Sasa zimebaki 190. Zidisha kwa 40, unapata shilingi 7,600 tu! Ili kurudisha zile 30,000 angehitaji wanunuzi 158.

Je, akiuza 2,000? Soko linachukua 600, msaada 300, zinabaki 1,100. Wanunuzi 28 wanatosha.

Hatusemi mtu apandishe bei ovyo. Tazama wenzako wanauza vipi. Kiolezo cha ukurasa mmoja hakilingani na kile cha duka zima lenye kupokea malipo. Eleza pia katika leseni kwamba bei hiyo ni ya tovuti moja. Anayetaka kukitumia kwa wateja wake wengi alipe zaidi. Tena pesa hizi huja kwa dola. Tangu mwaka 2018 mtu anaweza kuzitoa PayPal na kuzipokea kwa M-Pesa, lakini kubadilisha dola nako kuna makato yake. Yatie kwenye hesabu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yule kijana sasa anauza kwa 2,000. Wanunuzi wamepungua, ni kweli, lakini hata mkopo umeanza kupungua, na usiku analala.