Kuliwa kwa makusudi: namna ya kusoma hatua za mabingwa wa sataranji

Mchezaji wa drafti wa Vingunguti, Dar es Salaam, hahitaji kufundishwa maana ya kutoa kete ili upate. Anaijua tangu utotoni, alipokuwa akichungulia juu ya mabega ya wakubwa kwenye benchi la kijiwe, kete zenyewe zikiwa vizibo vya soda, vya huyu vimefunikwa na vya yule vimelazwa chali. Sheria inasema ukiwa na cha kula, ule. Hakuna kusema sitaki. Kwa hiyo fundi anakusogezea kizibo mdomoni, unakila kwa kuwa huna hiari, na kete yako ikishabanduka pale ilipokuwa inaziba, yeye anakula tatu kwa mpigo na kuingia kingi. Watazamaji wanaanza kucheka kabla hajamaliza kuruka, maana wao walishaiona.

Mtu huyohuyo umwekee ubao wa sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita, na anapata shida ambayo haihusiani na akili. Kwenye sataranji kula si lazima. Unaweza kumtolea mtu malkia mzima akamtazama tu, akaendelea na shughuli zake. Hapa ndipo wanapopotea wengi wanaojifunza mbinu kwa kutazama hatua maarufu za mabingwa. Wanaona bingwa ametoa malkia, wanashangilia, kesho nao wanatoa malkia. Analiwa, na hakuna kinachofuata.

Kilichowapita ni swali moja: mpinzani alilazimishwa na nini? Sataranji nayo ina lazima yake. Mfalme akitishiwa, yaani akipigwa cheki, huwezi kufanya jambo lingine lolote mpaka umwondoe hatarini. Unamhamisha, au unaziba njia kwa kete nyingine, au unaila kete inayomtisha. Zaidi ya hayo matatu hakuna. Hiyo ndiyo "kula ni lazima" ya sataranji, na hatua nyingi za kibingwa zinazosifiwa vitabuni zimejengwa juu yake.

Tuutazame mchezo mmoja kwa karibu. Msomaji mwenye ubao auweke mbele yake. Asiye nao achore. Miraba hutajwa kwa herufi a mpaka h kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa namba 1 mpaka 8 kutoka upande wa nyeupe. Ni Vienna, mwaka 1910. Richard Réti anacheza nyeupe, Savielly Tartakower nyeusi. Haukuwa mchezo wa mashindano, na uliisha kwa hatua 11 tu.

Tuanzie hatua ya nane. Mfalme mweusi bado yuko e8, pale alipoanzia. Farasi mweupe yuko e4 na anatishiwa na kete mbili, malkia na farasi wa nyeusi, huku akilindwa na malkia wake peke yake. Mtu wa kawaida angehangaika kumwokoa. Réti akamhamishia mfalme wake upande wa malkia, ile hatua ya pekee inayosogeza mfalme na ngome kwa pamoja, na ngome yake ikatua d1. Farasi akamwacha. Tartakower akamla kwa farasi wake aliyekuwa f6.

Simama hapo kwanza. Mstari wa d sasa una kete tatu za nyeupe zilizopangana: ngome d1, askofu d2, malkia d3. Mbele ya malkia njia iko wazi mpaka d8. Na yule farasi mweusi aliyekwenda kula, pale f6 alikuwa ameziba mshazari unaotoka g5 kupanda hadi d8. Ameondoka, mshazari umefunguka. Tartakower hakulazimishwa kula. Alikula kwa sababu farasi alikuwa pale, wa bure.

Hatua ya tisa, Réti akamtumbukiza malkia d8. Cheki. Mfalme mweusi hana pa kukimbilia, hakuna nafasi ya kuziba kitu, na hakuna kete nyingine inayomfikia malkia yule. Lililobaki ni mfalme mwenyewe kumla, na akamla. Hatua ya kumi, askofu akatoka d2 akaenda g5. Kwa hatua hiyo moja zikapigwa cheki mbili: askofu anatisha kwa mshazari, na ngome iliyokuwa nyuma yake imefunguliwa njia, nayo inatisha kwa mstari wa d. Cheki moja ungeweza kuiziba, au ukaila kete inayoipiga. Zikiwa mbili, ukiziba huku kule kunabaki wazi. Mfalme lazima atembee mwenyewe, na miraba iliyobaki ni miwili, c7 na e8. Tartakower alikwenda c7. Askofu akapanda d8 akilindwa na ngome, na mfalme hana pa kupumulia kwa kuwa kete zake mwenyewe zimembana. Chekimeti.

Vitabu huiwekea alama mbili za mshangao hatua ya tisa, ile ya malkia. Sina ugomvi nayo, lakini mwanafunzi akiniuliza asome ipi, nitamwambia ya nane. Ya tisa mtu yeyote anaweza kuiona akishaambiwa kuwa ipo. Ya nane ndiyo iliyomvuta farasi wa f6 atoke mlangoni, na mchezaji wa drafti ataitambua mara moja.

Sasa lile jibu ambalo halikuchezwa. Mfalme angekwenda e8 badala ya c7, ngome ingepanda mpaka d8, askofu akiilinda kutoka g5, na hiyo nayo ni chekimeti. Mfalme e8, ngome d8, askofu g5. Ishike picha hiyo, kisha urudi nyuma miaka 52, hadi jumba la opera mjini Paris mwaka 1858. Paul Morphy, Mmarekani wa New Orleans mwenye umri wa miaka 21, anacheza na wakubwa wawili walioungana upande mmoja, Duke wa Brunswick na Count Isouard. Hatua ya 16 anamtoa malkia wake b8 kwa cheki. Farasi mweusi wa d7 analazimika kumla, maana hakuna jibu lingine, na kwa kumla anaufungua mstari wa d. Hatua ya 17, ngome ya Morphy inatua d8. Mfalme yuko e8, askofu yuko g5. Chekimeti, picha ileile mraba kwa mraba. Na farasi yule naye, kabla ya kufika d7, alikuwa amekaa f6.

Siwezi kuingia kichwani mwa Réti. Ila mchezo wa Paris ulikuwa umeshachapishwa na kusomwa kwa miongo kadhaa, na mtu aliyekwisha kuiona picha hiyo haanzi kuhesabu kutoka sifuri kila anapokaa mezani. Anaona mfalme yuko e8, mstari wa d uko wazi, askofu ana njia ya kwenda g5, na anaanza kujiuliza ni kipi kinachozuia. Akikuta kinachozuia ni farasi wa f6, swali linabaki dogo: nimpe nini ili aondoke?

Jambo hili limepimwa. Mwanasaikolojia wa Uholanzi Adriaan de Groot, katika utafiti wake wa mwaka 1946, aliwapa wachezaji wa viwango tofauti hali zilezile za ubaoni akawataka wafikiri kwa sauti. Mabingwa wakubwa hawakuwa wakihesabu mbele zaidi sana kuliko wazuri wa kawaida. Walichowazidi ni kuiona hatua nzuri mapema. Mwaka 1973, huko Marekani, William Chase na Herbert Simon wakaonyesha ubao wa mchezo halisi kwa sekunde tano, kisha wakaufunika. Kwa mtazamo huo mmoja bingwa aliweza kupanga upya kete kama 16, anayeanza kama 4. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bila mpangilio wa mchezo wowote, bingwa alianguka akawa sawa na wenzake. Kumbukumbu yake haikuwa ya ajabu. Alikuwa na akiba ya picha, na ubao uliovurugwa haukufanana na picha hata moja.

Hapa nina neno kuhusu simu. Siku hizi programu za sataranji hukagua mchezo wako ukiisha na kukupa alama ya hatua ya kibingwa, na nimeona vijana wanaoisaka alama hiyo kama bonasi. Wanatoa kete mahali ambapo hatua ya kawaida ingeshinda kwa utulivu. Simu hiyohiyo ina matumizi mazuri zaidi: Lichess, kwa mfano, ni ya bure kabisa, haina matangazo, na ina mafumbo mengi kuliko mtu anayoweza kuyamaliza, yamepangwa kwa aina ya mbinu. Chagua aina moja, cheki mbili kwa mpigo kwa mfano, ukae nayo mpaka ikuchoshe.

Na mchezo wa bingwa ukiupata, usiuangalie kama mpira wa marudio. Funika hatua kwa karatasi, ufunue moja moja, na kabla ya kila hatua ya mshindi sema wewe ungecheza nini. Ukikosea si kitu, bora ujue kwa nini. Ukifika kwenye hatua yenyewe, rudi nyuma hatua mbili au tatu utafute mlinzi aliyeondoka. Halafu fanya kazi ambayo wengi hawaifanyi: haribu picha. Mrudishe farasi wa Tartakower f6, kisha ujaribu tena malkia d8. Mfalme anamla. Askofu anakwenda g5, lakini mshazari umezibwa, kwa hiyo iliyopo ni cheki moja tu, ya ngome, na nyeusi ana kete za kuweka katikati. Malkia ameondoka bure. Ukishajua ni kitu gani kidogo kinachoiua mbinu, umeielewa mbinu.

Kazi hii haihitaji shule ya gharama. Katwe, mtaa wa hali ya chini wa Kampala ambako mtu wa Vingunguti angejiona yuko nyumbani, ulimtoa Phiona Mutesi, aliyefundishwa na Robert Katende pamoja na watoto wengine wa mtaa huo. Mwaka 2012 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul na kupata cheo cha kimataifa cha wanawake, na mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu iliyoongozwa na Mira Nair, Lupita Nyong'o akicheza kama mama yake. Filamu ni nzuri. Inachoshindwa kuonyesha, na filamu yoyote ingeshindwa, ni saa za kukaa na picha zilezile za ubaoni, kwa sababu hazina cha kutazama.

Sisi tuna faida nyingine inayosahaulika. Bao nalo, kama drafti, humlazimisha mwenye cha kula ale, na mabingwa wa Zanzibar waliochunguzwa na Mholanzi Alexander de Voogt katika kitabu chake cha mwaka 1995 walikuwa wakifuatilia mizunguko mirefu ya kete kichwani bila kugusa shimo. Mwenye mazoea hayo ameshapita nusu ya njia. Abadilishe lazima tu: aache kutafuta wapi mpinzani atakula, atafute wapi mfalme atashikwa.

Weka basi ubaoni hali hii. Nyeusi: mfalme h8, ngome f8, vitunda (zile kete ndogo za mbele) g7 na h7. Nyeupe: mfalme h1, malkia c4, farasi h6. Nyeupe acheze. Hila yenyewe ni ya zamani sana. Imo kwenye kitabu cha Mhispania Lucena kilichochapishwa Salamanca mwaka 1497. Jibu lina hatua mbili na ya kwanza inauma. Ukilipata, kiondoe kitunda cha g7, uicheze tena ileile, na utazame mfalme anapitia wapi.