Bomba la Moshi, Jeti na Uhai wa Pistoni

Katika injini ya mipigo miwili, bomba la moshi si mfereji wa kutolea taka tu, bali ni kiungo kinachovuta na kusukuma hewa kwa kushirikiana na pistoni, na kwa sababu hiyo anayelibadilisha huwa amebadilisha namna injini nzima inavyopumua. Kabureta iliyopangwa kiwandani kwa ajili ya pumzi ya awali haina namna ya kuyatambua mabadiliko hayo, kwa hiyo huendelea kupima petroli kwa tundu lilelile la zamani hata pale hewa inapoongezeka, na joto linalotokana na upungufu huo wa petroli linaweza kuitoboa pistoni katika safari moja fupi. Ndiyo maana kufunga ekzosi mpya na kubadilisha jeti, yaani vijitundu vya shaba vinavyopima petroli ndani ya kabureta, ni kazi moja isiyogawanyika.

Mfano unaofaa kuieleza kazi hiyo ni pikipiki ya magurudumu manne ya Yamaha Banshee, yenye jina la kiwandani la YFZ350, iliyoingia sokoni nchini Marekani mwaka 1987 na kuuzwa huko hadi mwaka 2006, ikajijengea sifa katika vilima vya mchanga vya Glamis, jimboni California, na katika majangwa ya nchi za Ghuba. Injini yake hupozwa kwa maji na ina silinda mbili zilizosimama sambamba, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 64 na mwendo wa pistoni wa milimita 54, hivyo kufanya jumla ya sentimita za ujazo 347, na kila silinda hulishwa na kabureta yake ya Mikuni yenye koo la milimita 26. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ambaye hajawahi kuiona Banshee anaifahamu kanuni yake ya msingi, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika mashine nyingi za boti zinazochanganyiwa oili na petroli.

Injini ya aina hii hukamilisha kazi yake katika mzunguko mmoja tu wa kranki, ambapo pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa, petroli na oili ulio juu yake na papo hapo kuvuta mchanganyiko mwingine uingie katika chumba cha kranki kilicho chini yake, na inaposhuka kwa nguvu ya mlipuko hufungua kwanza tundu la moshi lililo ubavuni mwa silinda, kisha matundu ya kupitishia mchanganyiko mpya kutoka chini. Udhaifu wa mpango huu uko wazi, kwa sababu kwa muda fulani matundu yote huwa wazi kwa pamoja, hivyo sehemu ya mchanganyiko mpya hukimbilia nje pamoja na moshi kabla haijaungua. Injini ya mipigo miwili haina vali ya kuuzuia upotevu huo kwenye tundu la moshi, na kazi hiyo imeachiwa umbo la bomba.

Bomba hilo huanza kwa shingo nyembamba, hutanuka taratibu kama tarumbeta, hufikia tumbo pana, kisha husinyaa ghafla na kumalizikia katika mrija mdogo unaoelekea kwenye kizuia sauti. Tundu la moshi linapofunguka, wimbi la mgandamizo huruka ndani ya bomba kwa mwendo wa sauti, na linapofika kwenye koni inayotanuka, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa wimbi la mvuto, ambalo husaidia kunyonya moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mpya upande juu. Sehemu iliyosalia huendelea hadi koni inayosinyaa, hugonga na kurudi ikiwa wimbi la mgandamizo, na kama imewahi kufika kabla pistoni haijaliziba tundu, huusukuma mchanganyiko uliokwisha kutoka urudi ndani ya silinda. Hapo ndipo ilipo siri ya nguvu za injini hizi, kwamba bomba lenye umbo sahihi hurudisha kile ambacho bomba la kawaida lingekipoteza.

Hesabu ya wakati huo ni ya kushangaza kwa udogo wake. Injini inayozunguka mara 9,000 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja katika milisekunde 6.7 hivi, na ikichukuliwa kwamba tundu la moshi hubaki wazi kwa nyuzi 190 kati ya 360, wimbi lina milisekunde 3.5 tu za kwenda na kurudi. Kwa kuwa sauti ndani ya gesi ya moto husafiri kwa takriban mita 500 kwa sekunde, wimbi hilo hukata mita 1.76 kwa jumla, maana yake koni ya kurudishia inapaswa kuwa sentimita 88 hivi kutoka kwenye pistoni. Bomba fupi zaidi huhamishia nguvu kwenye mizunguko ya juu, bomba refu huziteremsha, na hakuna linaloweza kulitumikia kila eneo kwa usawa.

Elimu hii ilikomazwa katika miaka ya 1950 na mhandisi Walter Kaaden katika kiwanda cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki, ambako kufikia mwaka 1961 pikipiki yake ya mashindano ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita ya ujazo. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea upande wa Magharibi na kujiunga na Suzuki, na mwaka 1962 akaipatia kampuni hiyo ubingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 50. Bomba lenye tumbo linaloonekana leo ubavuni mwa Banshee ni mrithi wa maarifa hayo.

Anayechagua ekzosi ya Banshee hukutana na makundi mawili makubwa, la kwanza likiwa la mabomba yanayopita ndani ya fremu, ambayo hutoa nguvu katika eneo pana na humfaa anayepita njia za kawaida, na la pili likiwa la yale yanayotokeza nje, ambayo huachia nguvu zake juu kabisa na huwafaa washindani wa mbio fupi za mchangani. Wakati wa kufunga, nyuso za silinda zinapokutana na shingo ya bomba husafishwa mpaka chuma kitakate, gasketi na ringi za mpira huwekwa mpya, na springi za kushikilia bomba hukaguliwa zisiwe zimelegea, kwa sababu mwanya mdogo mahali hapo huvujisha moshi na oili na huyapotosha mawimbi ambayo bomba lilinunuliwa kwa ajili yake.

Kabla ya kugusa kabureta, fundi makini huipima injini kama inavuja hewa, kwa kuziba njia za moshi na za kabureta, kuijaza hewa kwa mgandamizo usiozidi pauni 6 hivi kwa inchi ya mraba, na kuangalia kama kipimo kinashuka katika dakika chache zinazofuata. Maji ya sabuni hupakwa kwenye maungio na kwenye sili za kranki, na povu linapotokeza huonyesha mahali pa kutengeneza. Hatua hii huonekana kama kupoteza muda, lakini injini inayonyonya hewa kupitia sili iliyochakaa haiwezi kutibiwa kwa jeti ya ukubwa wowote, kwa kuwa hewa hiyo haipiti kwenye kabureta.

Ndani ya kabureta, kazi ya kupima petroli imegawanywa kwa kadiri mwendeshaji anavyofungua mafuta. Jeti ndogo na skrubu ya hewa hutawala tangu injini ikiwa imetulia hadi karibu robo, mkato wa slaidi huathiri hatua za mwanzo za kufungua, sindano iliyochongoka hutawala kati ya robo na robo tatu, na jeti kuu hutawala kutoka hapo hadi mwisho. Klipu ya sindano ikishushwa kidato kimoja, sindano hupanda na petroli huongezeka, ilhali skrubu ya hewa ikifunguliwa nje, petroli hupungua. Jeti yenyewe ni kipande cha shaba kisichozidi ncha ya kidole, chenye namba iliyochongwa ubavuni, na namba hizo hazilingani baina ya watengenezaji, kwani za Dell'Orto huhesabu kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, wakati jeti kuu za Mikuni zinazotumika hapa hufuata kiasi cha mtiririko.

Petroli katika injini hii hubeba dhamana tatu kwa pamoja, yaani kutoa nishati, kupoza kwa kugeuka mvuke ndani ya chumba cha kranki na silinda, na kubeba oili inayolainisha pistoni na beringi. Mchanganyiko mwepesi, yaani wenye petroli kidogo kuliko hewa inavyohitaji, huzipunguza zote tatu kwa wakati mmoja, na pistoni hutanuka hadi kuing'ang'ania silinda, hali ambayo mafundi huiita injini kujamu. Zaidi ya hapo, anayeongeza oili katika tangi kwa nia ya kuilinda injini anapaswa kujua kwamba kila tone la oili huchukua nafasi ya petroli katika jeti ileile, hivyo uwiano, kwa mfano lita 1 ya oili kwa lita 32 za petroli, huamuliwa kwanza na kudumishwa, ndipo jeti zipangwe.

Banshee ilitoka kiwandani na jeti kuu namba 200, na pale ekzosi na chujio la hewa vinapobadilishwa kwa pamoja, mafundi wengi huanzia karibu na namba 280 au 300 na kuteremka. Kanuni ya kuanza na mchanganyiko mzito haina mbadala, kwa kuwa kosa la upande huo hujitangaza kwa moshi na mngurumo wa kusitasita, na hugharimu plagi tu, ilhali kosa la upande wa pili huja kimya, likiambatana na kasi tamu ya dakika ya mwisho.

Hukumu hutolewa na plagi. Plagi mpya hufungwa, pikipiki huendeshwa mafuta yakiwa wazi kabisa katika gia ya juu, mahali palipo salama na pasipo na watu, kisha klachi hubanwa na injini huzimwa papo hapo kabla haijarudi kwenye mwendo wa polepole. Kinachochunguzwa ni pete nyembamba ya rangi chini kabisa ya kauri, ndani ya kikombe cha plagi, pengine kwa msaada wa kioo cha kukuzia. Rangi ya kahawia huashiria usalama, nyeusi yenye unyevu huonyesha uzito, na nyeupe tupu ni onyo la kuongeza jeti kabla ya kuendelea. Kwa Banshee, silinda zote mbili husomwa, kwani moja inaweza kuwa salama huku jirani yake ikiungua.

Mpangilio uliopatikana ni wa mahali na majira yake. Hewa ya nyuzi joto 10 ni nzito kwa takriban asilimia 9 kuliko ile ya nyuzi 35, hivyo jeti iliyopangwa jangwani wakati wa mchana inaweza kuwa ndogo mno kabla ya alfajiri. Kimo nacho kina hukumu yake, kwa sababu katika mita 1,700, ambacho ni kama kimo cha Nairobi, uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganishwa na ule wa Mombasa, na injini ya mipigo miwili iliyopangwa bara ikateremshwa pwani bila kubadilishwa jeti huwa imepelekwa kwenye hatari.

Kwa hiyo gharama halisi ya ekzosi mpya haiishii kwenye bei ya bomba, bali inajumuisha kasha dogo la jeti za namba mbalimbali, plagi kadhaa, na saa chache za uvumilivu. Bomba huongeza pumzi, na jeti huamua kama pumzi hiyo itageuka nguvu au moto wa kuiunguza pistoni.